Mwulize Safari Moja: Uchambuzi wa Makala ya Mwenye Boti wa Kibirizi

Makala nyingi za wafanyabiashara zinazoandikwa kwetu zina ugonjwa mmoja. Futa jina la mhusika, weka la mwingine, na makala inabaki ileile. Mwenye boti, mwenye kinu cha mawese, mwenye gereji, wote walianza na mtaji mdogo, wote walikumbana na changamoto, wote hawakukata tamaa. Msomaji anafunga ukurasa bila kujua boti inaingizaje hela wala inailaje.

Hapa tunachambua kisa kimoja tangu rasimu iliyokataliwa hadi iliyochapishwa. Kisa tumekitunga kwa ajili ya kujifunzia. Hakuna mwandishi wala mama mwenye boti unayeweza kumtafuta, na bei, idadi na maneno yao ni ya mfano. Ziwa, mialo, injini na sheria zinazotajwa ni za kweli.

Kazi ilivyokuwa

Mwandishi kijana anayeishi Kigoma mjini amepewa kazi na jarida la biashara: makala ya wasifu yenye maneno 1,200, ndani ya wiki mbili. Mhusika ni mama mwenye boti tatu za mbao za abiria na mizigo, zinazotoka mwalo wa Kibirizi, kituo cha boti ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenda vijiji vya kaskazini, kupita Gombe na Mwamgongo, hadi Kagunga mpakani na Burundi. Ana pia duka la jumla eneo la Mwanga, mjini hapohapo, la sukari, sabuni na mafuta ya kupikia.

Mahojiano ya kwanza yalifanyika dukani, mchana, dakika 50, wateja wakiingia na kutoka. Rasimu ilianza hivi:

"Ukifika Kigoma, mwisho wa reli, jina lake si geni. Ni mwanamke shupavu aliyeanza na mtaji mdogo mwaka 1996, na leo anamiliki boti tatu zinazomwingizia karibu laki sita kila safari. Siri ya mafanikio yake ni kujituma, nidhamu na kumtanguliza Mungu."

Mhariri aliirudisha na swali moja juu yake: "Huyu mama anafanya kazi gani?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Katika aya nzima hakuna tendo hata moja ambalo mtu angeweza kulipigia picha. Zaidi ya hapo, vitu vitatu vinavyoonekana kuwa taarifa (mwaka 1996, boti tatu, laki sita) vyote vitatu, kama tutakavyoona, vilikuwa na kasoro. Mama hakudanganya hata mara moja. Kasoro zilizaliwa na namna alivyoulizwa.

Maswali yaliyozaa rasimu hiyo

Sehemu ya kinasa sauti ya siku ya kwanza:

— Mama, ulianzaje biashara hii?
— Nilianza kidogo kidogo tu mwanangu. Mtaji mdogo, nikavumilia.
— Changamoto gani ulikutana nazo?
— Changamoto ni nyingi. Upepo, mafuta kupanda, wafanyakazi wengine si waaminifu.
— Na siri ya mafanikio yako?
— Ni kujituma, na kumtanguliza Mungu.

Mtu aliyeendesha biashara miaka mingi ameshaulizwa maswali haya kwenye semina za benki, kwenye kikundi cha vikoba, kwenye sherehe za wanawake wajasiriamali. Majibu anayo tayari, na ni majibu ya heshima, yasiyomgusa mtu. Ukiuliza siri, unaomba mawaidha, na mawaidha utapewa.

Angalia pia kilichoponyoka. "Wafanyakazi wengine si waaminifu" ni mlango uliokuwa wazi kabisa. Waliiba nini? Kwenye boti kinachoibwa mara nyingi ni petroli: lita chache zinamiminwa kwenye dumu njiani na kuuzwa, kisha nahodha anasema upepo ulikuwa mkali, injini imekula. Mama aligunduaje? Alibadilisha nini baada ya hapo? Katika jibu la swali hilo ndimo ungemwona meneja akifanya kazi. Mwandishi alikuwa na orodha ya maswali 14 mkononi, akaruka kwenda swali la tatu. Orodha ndefu humfanya mtu asikilize nusu, kwa sababu nusu nyingine ya akili iko kwenye swali linalofuata. Kwa mahojiano ya saa moja, maswali matano yanatosha, na nafasi tupu chini ya kila moja.

Swali lililofungua kisa

Mahojiano ya pili yalikuwa na swali moja kubwa, lililoulizwa baada ya salamu zote kukamilika:

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu. Umerudi tena?
— Nimerudi mama, kuna vitu sikuvielewa. Boti yako iliyotoka mara ya mwisho ilitoka lini? Naomba unieleze tangu petroli inaponunuliwa mpaka hela inapofika mkononi mwako.

Swali la namna hii lina nguvu kwa sababu tatu. Safari ya mwisho bado iko kichwani, hajaipamba. Ina mpangilio wa saa, kwa hiyo pengo linaonekana lenyewe: akisema petroli ilinunuliwa jana yake na hela ya safari ikaja kesho yake, utauliza tu hela ya petroli ilitoka wapi. Na watu wanajitokeza mmoja mmoja, kila mmoja na kazi yake: muuza mafuta, wapagazi, nahodha, mabaharia, mkata ushuru, wakala wa Kagunga anayepokea mzigo. Kila anayetajwa ni mtu wa kwenda kuzungumza naye.

Mama alizungumza dakika 40 bila kukatizwa zaidi ya mara nne. Kisha mwandishi akaomba jambo la pili: awepo mwaloni safari inayofuata, tangu kupakia.

Mwaloni

Hapa tunashauri mwandishi yeyote afike kabla mzigo wa kwanza haujaingia, asimame pembeni, asiulize chochote kwa nusu saa. Upakiaji wa boti ya mbao una akili yake, na ukiuona utajua cha kuuliza.

Saruji, mabati na kreti za soda zinaingia kwanza, chini kabisa, karibu na katikati. Uzito ukikaa chini, boti inatulia. Ukiwekwa juu, boti inayumba na inachelewa kurudi sawa wimbi likiisukuma ubavuni. Mzigo ukizidi mbele, pua inachimba wimbi na maji yanaingia. Ukizidi nyuma, ambako tayari kuna injini na madumu ya petroli, nyuma inazama na pua inainuka, nahodha haoni vizuri na injini inavuta kwa tabu. Magodoro na vikapu vinakwenda juu. Abiria wanapanda mwisho na kukaa palipobaki, wengi wao juu ya mizigo. Mwandishi aliona nahodha akishusha mifuko sita ya saruji na kuihamishia mbele hatua mbili, bila neno, baada ya kuangalia mstari wa maji kwenye mbao. Aliandika hilo, na lilichapishwa.

Kisha mafuta. Injini ilikuwa ya kupachika nyuma, nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya oili ndani ya petroli. Kwa injini nyingi za aina hiyo kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani dumu la lita 20 linataka mililita 400. Baharia alipima kwa chupa ya maji ya nusu lita, akaacha vidole viwili juu. Oili ikipungua, pistoni inakwaruza na injini inanoki katikati ya ziwa. Ikizidi, moshi unajaa na plagi zinachafuka mpaka injini inakataa kuwaka. Lakini kipimo hakifanani kwa injini zote, kwa hiyo mwandishi anayetaka kukitaja aseme ni cha injini ile aliyoiona, asije akamharibia msomaji mashine yake.

Kabla ya kuondoka, nahodha aliwasha injini na kuweka kidole kwenye kijito chembamba cha maji kinachoruka pembeni yake. Maji hayo ndiyo yanayoonyesha kuwa pampu inapoza injini. Boti za mialo yetu husukumwa juu ya mchanga, na mchanga ukivutwa na pampu hula impela yake, mpira mdogo unaosukuma maji. Kijito kikidhoofu, au maji yakiwa ya moto mno, safari haianzi. Nahodha alishikilia kidole pale kwa muda, akafuta mkono kwenye suruali, akaashiria kamba ifunguliwe. Mwandishi hakuelewa alichokuwa akifanya, akamuuliza baadaye kwa simu. Kuuliza baadaye ni sawa kabisa. Kibaya ni kuandika "aliikagua injini kwa makini" na kuendelea.

Kuhusu kunasa sauti mwaloni, maneno machache yanatosha. Upepo wa ziwa huua sauti, kwa hiyo simu iwe karibu na mdomo wa msemaji, maikrofoni yake ikiwa imefunikwa na soksi safi. Zima mtandao ili simu isiingie katikati. Majina na tarakimu ziandikwe pia kwa kalamu, na uzirudie kwa sauti: "umesema lita sitini, mama?" Kunakili maneno ya saa moja huchukua kama saa nne, kwa hiyo nakili usiku uleule sehemu utakazotumia, kabla masikio hayajasahau.

Laki sita ilikuwa ya nani

Hapa ndipo kisa kinapopata uti wa mgongo. Kutokana na maelezo ya mama na daftari la nahodha, safari moja ya kwenda Kagunga na kurudi ilikuwa hivi, kwa bei za mfano wetu.

Kwenda: abiria 28 kwa shilingi 8,000, jumla 224,000, na mizigo 310,000. Kurudi: abiria 22, jumla 176,000, na mizigo 190,000, karibu yote magunia ya dagaa. Mapato yote ni 900,000.

Nahodha hulipa njiani: posho yake 40,000, mabaharia wawili 40,000, wapagazi 30,000, ushuru 12,000, chakula 15,000, na petroli ya kurudia lita 60 kwa 3,000, yaani 180,000. Jumla 317,000. Anachomkabidhi mama ni 583,000. Hiyo ndiyo "karibu laki sita" ya rasimu ya kwanza. Mama alisema kweli: ndiyo hela inayofika mkononi mwake.

Lakini petroli ya kwendea, lita 60, ilishanunuliwa jana yake kwa 180,000, pamoja na oili ya safari nzima, lita 2.4 kwa 12,000, yaani 28,800. Hela hiyo ilitoka kwenye droo ya duka la Mwanga. Ukiiondoa, safari imebakiza 374,200. Na humo bado hamjatoka rejesho la mkopo wa injini, vipuri, wala mbao.

Mwandishi alipomwonyesha karatasi, mama aliisoma mara mbili, kisha akasema maneno yaliyokuja kuwa moyo wa makala: "Boti inanipa hela za kushika. Duka ndilo linanipa hela za kukaa nazo."

Mhariri asingeweza kuomba zaidi ya hapo. Rasimu ya kwanza ilimchora mwanamke aliyetoka dukani akapanda hadi kwenye boti, kama ngazi. Hesabu inaonyesha mambo tofauti: duka bado linazibeba boti kila wiki. Mwandishi akauliza mwaka gani hilo lilionekana wazi zaidi, na jibu likaja bila kusita: 2024, uvuvi ulipofungwa katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Kusafirisha abiria hakukukatazwa, lakini dagaa ndio waliokuwa mzigo wa kurudi. Boti zikarudi nusu tupu, tena msimu wa upepo wa kusi, wakati mawimbi huchelewesha safari na kula petroli. Miezi ile mitatu rejesho la mkopo lililipwa na sukari na sabuni.

Kila tarakimu ya petroli ipimwe pia kwa akili ya injini. Injini ya farasi 40 ya kuchanganya oili ikikimbizwa hadi mwisho hula takribani lita 15 hadi 18 kwa saa. Boti iliyopakia haikimbizwi hivyo, na lita 60 kwa saa tano, yaani 12 kwa saa, zinaaminika. Mtu akikuambia dumu moja la lita 20 lilitosha safari hiyohiyo, uliza tena. Ama ametaja sehemu tu ya mafuta, ama injini ni nyingine.

Mwaka wa wakimbizi, na boti ya tatu

Mama alisema boti ya kwanza aliinunua "mwaka ule wa wakimbizi". Mwandishi aliandika 1996, kwa kuwa ndio mwaka Wakongomani wengi walivuka ziwa kuingia Kigoma na kambi ya Nyarugusu ikaanzishwa. Lakini Kigoma imepokea wakimbizi mara nyingi: Warundi mwaka 1972, tena 1993, Wakongomani 1996, Warundi tena 2015. Mtu mzima wa Kigoma akisema mwaka wa wakimbizi, hujui bado anasema upi.

Njia ya kuukamata mwaka ni kuufunga kwenye tukio la pili na la tatu. Mtoto wako wa mwisho alikuwa darasa la ngapi? Nani alikuwa rais? Wakimbizi walifika kwa njia gani? Mama akakumbuka Liemba ikichukua watu Kagunga. Hiyo ni Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipojazana katika kijiji kile chembamba kati ya mlima na maji, na meli ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ikawa inawapeleka Kigoma. Kitambulisho cha boti na risiti ya fundi vikathibitisha mwaka.

Tarehe sahihi ilileta sababu sahihi. Duka lake lilikuwa tayari likipeleka bidhaa Kagunga kwa boti za watu. Nauli ya mzigo ilipanda, bidhaa zikawa zinalala mwaloni siku mbili tatu zikisubiri nafasi. Alinunua boti ili apeleke sukari yake mwenyewe. Abiria walikuja baadaye. "Mtaji mdogo" wa rasimu ya kwanza ulikuwa kwa kweli duka zima lililokuwa likifanya kazi vizuri, na msomaji anayefikiria kuingia kwenye biashara hii anahitaji kulijua hilo kuliko kitu kingine chochote katika makala.

Boti tatu? Mbili ziko majini. Ya tatu imevutwa nchi kavu, inabadilishwa mbao za chini na kupigwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa kati ya mbao, na imekaa hapo tangu mvua za mwaka uliopita ikisubiri hela ya mbao za mninga. Hili huonekana kwa kutembea hatua chache tu pwani. Fundi ndiye aliyemwonyesha mwandishi ilipo, na fundi ndiye anayejua umri wa kila ubao. Mwandishi asiyezungumza na fundi wa boti hajamaliza kazi, kwa kuwa fundi anazijua siku mbaya za biashara ambazo mwenyewe amezizoea hata hazitaji.

Abiria 60

Katika mahojiano ya kwanza, akieleza biashara inavyochangamka, mama alisema siku za sikukuu "tunabeba hata sitini". Mwandishi alikuwa ameiweka sentensi hiyo kama sifa. Cheti cha ukaguzi kutoka TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kiliruhusu abiria 35.

Hapa waandishi wengi wa wasifu hukimbia. Wengine huifuta sentensi ili wasiudhi, wengine huigeuza kichwa cha habari na kumvizia mtu aliyewafungulia nyumba. Tunazipinga njia zote mbili. Makala ya wasifu haina leseni ya kuficha jambo linaloweza kumzamisha msomaji, maana atakayesoma kuwa mama huyu ni mfano wa kuigwa huenda akapanda boti hiyo Ijumaa na watoto wake. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470. Boti iliyozidiwa, abiria wakiwa juu ya mizigo na madumu ya petroli yakiwa nyuma, haina nafasi ya kusahihisha kosa.

Njia ya haki ni kumrudishia maneno yake, ana kwa ana, na karatasi mezani: "Mama, cheti kinasema 35. Siku ya kwanza uliniambia sikukuu mnabeba hata 60. Sikukuu iliyopita ilikuwaje?" Kisha kunyamaza. Mama alinyamaza pia, akaeleza kuwa watu wa vijijini wakikosa boti siku ile watalala mwaloni na watoto, na kwamba nahodha akiwakataa anatukanwa. Hayo ni maelezo ya kweli na yanastahili nafasi yake kwenye makala. Hayafuti cheti. Mwandishi alihesabu pia jaketi za kuokolea kwenye boti aliyoiona ikiondoka na abiria 28: zilikuwa 20, sita zikiwa zimefungwa kwenye mfuko chini ya mzigo. Aliandika hivyohivyo.

Yasiyochapishwa

Kuna taarifa za kweli ambazo hazipaswi kutoka. Uporaji wa injini na nyavu ziwani unajulikana na kila mvuvi, kwa hiyo usiandike injini inafunguliwa saa ngapi na inalala stoo gani, wala siku ambayo nahodha anatembea na hela za safari. Picha ya injini isionyeshe namba yake. Mtumishi aliyefukuzwa kwa tuhuma za petroli asitajwe jina wala kijiji. Hajahukumiwa, na yeye hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili gani, na ni vizuri mwandishi aseme hilo mwanzoni kabisa, kinasa kikiwa kimeshawashwa, ili idhini nayo isikike.

Nahodha naye anahitaji ulinzi. Ameajiriwa. Aliyoyasema kuhusu mzigo na upepo yanatumika bila jina lake, na yale yanayoweza kumgharimu kazi yanatumika tu kama kuna ushahidi mwingine usiomtegemea yeye.

Rasimu ya pili

Mwandishi aliipanga makala kwa safari, tangu droo ya duka jioni mpaka daftari la nahodha kesho kutwa yake, akichomeka historia pale tu kitu kilipoiita: Kagunga ilipotajwa, ukaja mwaka 2015, magunia ya dagaa yalipotajwa, ukaja mwaka 2024. Ilianza hivi:

"Saa kumi na mbili jioni, kabla hajafunga duka lake la Mwanga, anatoa kwenye droo shilingi 208,800 na kumpa kijana wa mafuta. Ni petroli ya kwendea na oili ya safari nzima. Boti yake itaondoka Kibirizi kesho ikiwa na saruji ya watu, soda za watu na sukari yake mwenyewe, na hela hii ataiona tena, ziwa likiruhusu, baada ya siku mbili."

Hakuna sifa hata moja humo, na bado unamwona mtu. Manukuu katika makala nzima yalikuwa matano tu. Mengine yote yaliandikwa kama maelezo, kwa kuwa mtu anayeeleza bei na vipimo hahitaji alama za kunukuu, anahitaji usahihi. Yaliyonukuliwa yaliachwa yalivyosemwa. Kumsafishia mtu wa Kigoma Kiswahili chake mpaka kifanane na hotuba ya ufunguzi wa semina ni kumtoa kwenye makala yake mwenyewe.

Yaliyokatwa ni aya mbili kuhusu Liemba na moja kuhusu sokwe wa Gombe. Zilikuwa nzuri. Lakini boti ya mama inapita Gombe bila kusimama mara nyingi, na makala ilipaswa kupita vivyo hivyo.

Kumsomea mhusika

Kabla ya kupeleka kwa mhariri, mwandishi alimsomea mama tarakimu zote, tarehe zote na manukuu yake, kwa sauti, dukani, baada ya kufunga. Hakumpa makala nzima aidhinishe. Tofauti hiyo ielezwe mapema: mhusika anasahihisha ukweli, hachagui atakavyoonekana. Mama alisahihisha mambo mawili, bei ya upakiaji wa kreti na jina la aina ya mbao. Aliomba jina la benki iliyomkopesha liondolewe, likaondolewa, kwani msomaji hapungukiwi na kitu. Kisha akaomba aya ya abiria nayo iondoke.

Mwandishi alikataa kwa heshima, akamweleza sababu, akamwuliza kama ana neno la kuongeza. Analo, akasema: ameshamwagiza nahodha siku za sikukuu abiria wanaozidi wapelekwe kwenye boti ya pili. Maelezo hayo yaliingia kama yalivyo, kwa kinywa chake. Siku mbili kabla ya Idi mwandishi alirudi Kibirizi, akasimama kwenye ubao wa kupandia na kuhesabu kila kichwa kilichoingia kwenye boti ya kwanza. Walikuwa 41, na boti ya pili ilikuwa bado imefungwa kamba. Idadi hiyo, pamoja na maelezo ya mama na kiwango cha cheti, ndiyo iliyochapishwa.